Programu ya CNC ya kuchonga 3D: vidokezo 12 kwa karakana za Kapseret

Kwa miaka mingi sifa ya fundi wa samani huku Kapseret ilikaa kwenye patasi, randa na jicho lake. Siku hizi mashine za CNC zimeingia kwenye karakana za Eldoret, na nyingi ni zile za China za aina ya 1325, yaani zenye meza ya milimita 1,300 kwa 2,500 inayopokea shiti nzima ya plai au MDF ya futi nne kwa nane. Kukata herufi na maua bapa hakumsumbui mtu. Kazi hugeuka pale mteja anapotaka ubao wa kichwani wa kitanda wenye simba aliyeinuka, mimbari yenye mizabibu, au miguu ya sofa iliyopinda. Hapo biti inapanda na kushuka huku ikitembea, na programu uliyoizoea huenda ikashindwa.

Ukiuliza ununue programu gani, mara nyingi utatajiwa ile anayotumia jirani. Mimi nakushauri urudi kinyumenyume: anza na mashine iliyosimama mbele yako, fuata kazi unazouza, kisha ndipo uchague programu. Vidokezo hivi vimepangwa kwa mtiririko huo.

1. Ijue kontrola yako kwanza

Kontrola ndiyo inayosoma faili na kuamuru mota. Mashine nyingi za 1325 huja na NCStudio ya kampuni ya Weihong ya Shanghai, au na kifaa cha mkononi cha RichAuto ambacho mafundi hukiita DSP, kinachosoma faili kutoka kwa flashi. Nyingine huendeshwa na Mach3. Mashine ndogo za mezani hutumia GRBL, na wapenzi wa programu huria hutumia LinuxCNC. Zote zinaelewa msimbo wa G, lakini kila moja ina lahaja yake. Anayetafsiri ni posti-prosesa, mkalimani kati ya programu na mashine. Akikosea, biti huzama pasipostahili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, andika jina la kontrola yako na toleo lake, halafu fungua orodha ya posti-prosesa za programu unayoitamani. VCarve na Aspire za kampuni ya Vectric ya Uingereza huja na orodha ndefu. Autodesk ina maktaba ya bure mtandaoni kwa ajili ya Fusion. FreeCAD ina za LinuxCNC, GRBL na Mach3. Hakikisha mambo matatu: vipimo vinatoka kwa milimita na si inchi, kontrola yako inakubali amri za tao za G2 na G3, na amri ya kubadilisha biti haijitokezi katikati ya faili ikiwa mashine yako haina kibadilishaji. Ukikosa posti-prosesa inayofaa, achana na programu hiyo hata ingekuwa tamu kiasi gani.

2. Amua unamaanisha 3D ipi

Chukua sotet, kile kibuyu cha mursik kinachojulikana katika kila boma la Wakalenjin. Tuseme mteja anataka umbo lake kwenye mlango, nusu ya kibuyu ikiinuka kutoka kwenye ubao. Mihimili mitatu inatosha, kwa sababu biti inashuka kutoka juu na hakuna sehemu inayojificha chini ya nyingine.

Sasa mteja wa pili anataka kibuyu kizima cha mbao cha kupamba meza. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukilaza, kuchonga upande mmoja, kugeuza ubao na kuchonga wa pili. Hapo programu lazima ijue kazi ya pande mbili na ikusaidie kuweka matundu ya vigingi ili pande hizo zikutane sawasawa. Ya pili ni kufunga gogo kwenye rotari, yaani mhimili wa nne, likizunguka biti inapochonga. Lakini ukilisimamisha gogo wima na kuchonga kutoka juu, sehemu iliyo chini ya tumbo la kibuyu hutaifikia kamwe, hata ukiwa na programu ya mamilioni.

Programu za nakshi kama Aspire na Carveco hulitazama umbo kama uso wenye kimo: kila nukta ya ubao ina urefu mmoja tu. Kwa milango, vitanda, majeneza na mbao za majina, hiyo yatosha kabisa. Mihimili mitano iachie viwanda vya kalibu kubwa mpaka upate kazi inayoidai.

3. Kuchora ni kazi moja, njia ya biti ni kazi nyingine

Programu ya kuchora hutoa umbo. Programu ya njia hulichukua umbo hilo na kupanga biti ipite wapi, kwa kasi gani na kwa kina kipi. Fusion, Aspire na FreeCAD hufanya kazi zote mbili. Wengine huchora kwa Blender, kisha hupeleka faili ya STL kwenye DeskProto au MeshCAM. RhinoCAM nayo hukaa ndani ya Rhino yenyewe.

Ukiwa na programu moja, mteja akitaka umbo lipanuliwe unarekebisha na kukokotoa njia upya bila kuhamisha faili. Ukiwa na mbili, unaendelea kuchora kwa ile unayoijua na kuongeza tu kinachokosekana. Ukichagua njia ya programu mbili, jua tabia ya faili zinazosafiri kati yake. STL ni ngozi iliyoshonwa kwa pembetatu nyingi, na haibebi kipimo: iliyochorwa kwa milimita ikifunguliwa kwa inchi inakua mara 25.4. Tena ukiitoa kwa pembetatu kubwa, mkunjo laini utatoka na vibapa vinavyoonekana hata baada ya vanishi. STEP hubeba nyuso halisi za umbo, na ni bora kwa vipuri vyenye vipimo. Uliza programu ya njia inasoma ipi kati ya hizo.

4. Linganisha programu na umbo unalouza

Kuna maumbo ya kufinyanga na maumbo ya kupima. Simba, uso wa mtu, majani na maua ni ya kufinyanga. Blender, ambayo ni ya bure, inafaa sana hapo, ingawa kuijua kunadai subira. Aspire na Carveco nazo zina vifaa vya kuinua nakshi kutoka kwenye mchoro bapa, na seremala asiye na mazoea ya kompyuta huzielewa upesi zaidi.

Maumbo ya kupima ni kama modeli za mbao ambazo mafundi wa kusubu hukandamiza kwenye mchanga kabla ya kumimina alumini au chuma. Hapa unataka Fusion, FreeCAD au SolidWorks, ambazo hukumbuka kila kipimo na kukuruhusu kukibadilisha baadaye. Alumini hunywea kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa, na chuma cha kusubu kwa takriban asilimia 1. Modeli ya puli ya milimita 200 inayokusudiwa alumini basi huchongwa kwa milimita 202.6, na kuta zake hupewa mteremko mdogo ili itoke mchangani bila kubomoa kalibu. Katika programu ya kupima, hayo ni kubadilisha tarakimu mbili. Katika programu ya nakshi, utahangaika.

Fundi wa Langas anayeuza vitanda na fundi anayewatengenezea wenye mashine za posho modeli za vipuri wanaweza kuwa na mashine moja ya aina ileile na bado wakahitaji programu tofauti.

5. Usilipie uwezo ambao hutautumia

Karakana nyingi hazifinyangi nakshi zao. Hununua modeli zilizo tayari, au hupewa na mteja. Kama ndivyo unavyofanya kazi, huhitaji Aspire, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa kwa karibu dola 2,000. VCarve, iliyo chini yake kwa bei, inaweza kuingiza modeli ya 3D iliyotengenezwa kwingine na kuipangia njia za biti. Isichoweza ni kukufinyangia modeli mpya.

Angalia pia ukomo wa ukubwa. VCarve Desktop inakubali kazi ya takriban sentimita 60 kwa 60 kwa mara moja. Mlango mzima utalazimika kuugawa vipande na kusogeza ubao, kazi inayochosha na inayoweza kuacha alama kwenye kiungo. Kwa meza ya 1325 ni VCarve Pro inayoendana nayo. Vectric hukuruhusu kupanda daraja baadaye kwa kulipa tofauti ya bei, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzia juu.

Modeli unazonunua nazo zina wenyewe. Soma kama umeruhusiwa kuuza kitu kilichochongwa kutokana nazo, na usigawe faili yenyewe kwa mafundi wenzako.

6. Fungua orodha ya mikato

Picha za matangazo hazikuambii kitu. Kinachopambanua programu ya 3D ni aina za mikato inayojua kupanga. Tafuta hii minne:

- Mkato wa kupunguza. Biti bapa ya milimita 6 au 8 hutoa mbao nyingi kwa matabaka na kuacha ngozi ya nusu milimita hadi milimita moja.
- Mkato wa kumalizia kwa mistari sambamba. Biti ya kichwa cha mviringo hupita juu ya umbo lote. Hakikisha unaweza kubadilisha pembe ya mistari, maana saiprasi hupendeza biti inapofuata nyuzi zake na hung'oka vibanzi inapozikata kwa kupingana, hasa karibu na mafundo.
- Mkato wa kimo. Biti huzunguka umbo ngazi kwa ngazi. Huu ndio unaosafisha kuta zilizo karibu na wima, mahali ambapo mistari sambamba huacha ngazi.
- Mkato wa mabaki. Programu inakumbuka biti kubwa ilishindwa kufika wapi, na kuituma ndogo huko tu.

Fusion na RhinoCAM zimekomaa sana katika haya. Programu za nakshi huwa na aina chache zaidi, na kwa nakshi zisizo na kuta kali zinatosha. FreeCAD ina mikato ya 3D pia, na tangu toleo la 1.0 lilipotoka Novemba 2024 eneo lake la kazi hizo linaitwa CAM, lakini tarajia kujifunza taratibu.

Jambo lingine la kutazama ni mipaka. Je, unaweza kuzungushia mstari uso wa simba na kusema hapa pita kwa biti ya milimita 1, kwingine kote pita kwa ya 6? Uwezo huo mmoja unaweza kukuokolea nusu siku ya kazi.

7. Piga hesabu ya muda kabla ya kumtajia mteja bei

Tuchukue ubao wa milimita 600 kwa 400. Ukiweka hatua kati ya mstari na mstari iwe milimita 0.3, utakuwa na mistari kama 1,333, kila mmoja ukiwa na milimita 600. Hiyo ni safari ya mita 800. Mashine ikitembea milimita 3,000 kwa dakika, mkato wa kumalizia peke yake utachukua karibu saa nne na nusu. Ongeza hatua iwe 0.6 na muda unashuka hadi saa mbili na robo hivi.

Je, ubora utashuka? Kwa biti ya mviringo ya milimita 6, hatua ya 0.6 huacha matuta ya takriban milimita 0.015 tu, ambayo msasa mwepesi unayafuta. Hata hatua ya 1.2 huacha matuta ya 0.06. Tatizo la biti nene ni lingine: haiingii kwenye pembe nyembamba kuliko mviringo wake, kwa hiyo vinyweleo vya simba vitapotea. Ndiyo maana mkato wa mabaki una thamani kubwa.

Programu nzuri hukuonyesha hesabu hizi kabla ya kukata. Hata hivyo, makadirio yake mara nyingi huwa na matumaini kupita kiasi, kwa kuwa mashine hupunguza mwendo kwenye kila mwinuko. Vectric ina kigezo cha kurekebishia makadirio. Linganisha muda uliokadiriwa na muda halisi kwenye kazi chache, weka kigezo hicho, na bei unazowatajia wateja zitakuwa za kweli.

8. Dai uigaji unaoaminika

Programu iweze kukuonyesha ubao ukichongwa kwenye skrini kabla ya mashine kuwashwa. Tazama zaidi ya uzuri wa picha. Kama biti imetokeza milimita 40 kutoka kwenye koleti na umbo lina kina cha milimita 50, nati ya koleti itasugua ukuta wa nakshi na kuuchoma. Fusion inaweza kukuonya ukiiwekea vipimo vya kishikio. Kwenye programu nyingi za bei nafuu, kuangalia hilo ni jukumu lako.

Kisha ihakiki faili iliyokwisha kupita kwa posti-prosesa, maana hiyo ndiyo mashine itakayoisoma. CAMotics ni ya bure na hufungua msimbo wa G wenyewe na kuuigiza. Angalia kimo cha usalama kinavuka klempu zote, na sifuri ya Z iko pale ulipokusudia: juu ya ubao au juu ya meza.

Mbao si kitu cha kuchezea. Marufuku ya ukataji miti kwenye misitu ya umma iliyoanza Februari 2018, ambayo Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, iliwaonyesha mafundi wote wa Bonde la Ufa jinsi saiprasi inavyoweza kuadimika. Uigaji wa dakika tano ni heshima kwa mti uliokua zaidi ya miaka ishirini.

9. Fikiria stima na intaneti ya mahali ulipo

Fusion huhifadhi kazi zako kwenye wingu na inahitaji kuingia mtandaoni angalau kila baada ya wiki mbili. Ukiwa Simat au Langas hilo si taabu. Ukiwa ndani zaidi, Ngeria au Megun, na unategemea bando la simu, pima kwanza. VCarve, Aspire, FreeCAD na Blender hufanya kazi bila intaneti zikishasakinishwa na kuamilishwa.

Stima ni suala zito zaidi. Kazi ya saa nne ikikatizwa saa ya tatu, utaendeleaje? Chagua programu inayokuruhusu kugawa kazi kwa urahisi, faili moja kwa kila biti na kwa kila eneo, ili ukirudia urudie kipande na si ubao mzima. Jifunze namna kontrola yako inavyoanza kutoka mstari wa katikati. UPS iwe ya kompyuta na kontrola. Lakini hakikisha spindo ikizimika mihimili nayo inasimama, kwa sababu biti isiyozunguka ikiendelea kusukumwa ndani ya mbao huvunjika papo hapo.

Ikiwezekana, tenga kompyuta mbili. Mach3 inayotumia poti ya paralelo haiendi kwenye Windows ya 64-bit, ilhali programu nyingi za kisasa za kuchora zinaidai hiyo ya 64-bit. Kompyuta kuukuu ibaki kwenye mashine, ile yenye nguvu ikae mbali na vumbi.

10. Soma leseni kama unavyosoma mkataba wa kiwanja

Mashine nyingi huuzwa zikiwa na CD au flashi yenye ArtCAM iliyovunjwa kufuli. ArtCAM ilikuwa ya Delcam ya Birmingham, Autodesk ikainunua Delcam mwaka 2014, na mwaka 2018 Autodesk ikaacha kuiuza. Carveco, nayo ya Uingereza, ndiyo iliyorithi msingi wake. Kwa hiyo nakala inayozunguka mitaani haina masasisho wala msaada, na mara nyingi imebeba virusi vinavyoweza kukufutia kazi ya miaka. Pia ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Karakana inayotarajia zabuni za shule, kanisa au kaunti haifai kujenga jina lake juu ya msingi huo. Kama umeizoea ArtCAM, Carveco itakupokea kama mwenyeji.

Fusion ina leseni ya bure ya matumizi binafsi. Si ya biashara: ni ya mtu ambaye mradi wake hauingizi zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Tangu 2020 imepunguzwa pia. Unaruhusiwa hati 10 tu za kuhariri kwa wakati mmoja, mihimili ni mitatu, na mwendo wa kasi wa kuhama kutoka sehemu hadi sehemu hugeuzwa kuwa mwendo wa kukata, jambo linalorefusha kazi. Ni nzuri kwa kujifunzia. Ukianza kuuza, lipia.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na Eldoret National Polytechnic wanaweza kuomba leseni ya elimu ya Autodesk bila malipo. Ni nafasi ya dhahabu kwa kijana anayejiandaa kufungua karakana. Lakini kazi ya mteja isipitie humo.

11. Pima kulipa mara moja dhidi ya kulipa kila mwaka

VCarve, Aspire na Rhino hununuliwa mara moja, na toleo ulilolinunua ni lako hata usipoongeza senti. Fusion na Carveco Maker ni za kulipia kila kipindi, na malipo yakikoma, kazi inasimama. Mwezi Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mwenye programu ya kulipia kila kipindi aliuhisi mtikisiko huo moja kwa moja mfukoni. Aliyelipa mara moja alilala usingizi.

Hata hivyo, kulipa kidogokidogo kuna maana ikiwa hujui kama kazi za 3D zitakuja. Lipia mwezi mmoja au miwili, fanya kazi mbili za kweli, uone zinaingiza nini. Programu huria kama FreeCAD na Blender hazidai shilingi, lakini zinadai saa zako nyingi za jioni. Hesabu muda huo kama gharama halali.

12. Zijaribu zote kwa kipande kimoja, kisha amua

Programu karibu zote zina toleo la majaribio. Rhino hutoa siku 90. Vectric hutoa la bure lisilo na ukomo wa siku, ila halitoi faili ya kukata modeli yako mwenyewe. Lina mifano ya kukata, na hiyo inatosha kujua kama posti-prosesa inaelewana na mashine yako.

Andaa kipande kidogo cha saiprasi, tuseme milimita 150 kwa 100, na modeli moja ya nusu ya sotet. Umbo hilo lina kila unachohitaji kupima: tumbo la mviringo linaloonyesha matuta ya biti, shingo nyembamba inayodai biti ndogo, na ukingo ambao karibu na ubao unakuwa wima. Peleka modeli hiyohiyo kwenye programu mbili au tatu. Kwa kila moja, andika ilikuchukua muda gani kufikia faili ya mwisho, ilikadiria dakika ngapi, na pale inaporuhusu kukata, mashine ilitumia ngapi kweli. Pima upana wa tumbo kwa kalipa. Pitisha kidole kwenye ukingo. Halafu mpe kijana wa karakana arudie hatua zote peke yake, kwani programu inayoeleweka na mtu mmoja tu itasimamisha kazi siku akiugua.

Kama bado unasita, mahali pazuri pa kuanzia ni hapa. Unayeuza vitanda na milango kwa modeli za kununua, chukua VCarve Pro. Unayefinyanga nakshi zako na una wateja wa kutosha, Aspire au Carveco. Unayetengeneza modeli za kusubu na vipuri, Fusion ya kulipia, au FreeCAD kama una subira. Unayechonga sanamu na vibuyu vizima kwenye rotari, Blender kwa umbo na DeskProto kwa njia. DeskProto ina toleo la bure la kuanzia, ila hakikisha toleo utakalolichukua linashughulikia rotari kabla hujaitegemea.

Ukishachagua, kaa na programu hiyo mwaka mzima kabla ya kutamani nyingine. Hifadhi mipangilio ya kila biti na kila aina ya mbao: kasi, kina, hatua, na matokeo yake. Daftari hilo litakuwa mali ya karakana yako, na utaweza kuhama nalo hata siku utakayobadilisha programu au mashine.